Mbwa wanaozurura na kukimbiza watu mtaani: mchubuko kwanza, lango la jirani baadaye

SWALI: Daktari, mtaani kwetu kuna mbwa watatu wanaozurura mchana na usiku. Wawili ni wa jirani ambaye lango lake halifungwi, na wa tatu hajulikani mwenyewe, ila huambatana nao kila mahali. Huwakimbiza waendesha baiskeli na watoto waendao shule. Siku sita zilizopita, huyo wa tatu alinirukia akanichana suruali. Mguuni nilibaki na mchubuko mdogo wa meno usiotoka damu, nikaufuta kwa kitambaa nikaendelea na safari yangu. Jirani nimemwambia mara mbili, na mara zote hujibu kwamba mbwa wake hawaumi. Sasa baadhi ya wakazi wanapendekeza tuweke nyama yenye sumu. Nipite vipi mbele ya mbwa hawa bila kuumwa, na ni hatua zipi zinazofaa kuchukuliwa?

JIBU: Ndugu msomaji, umeuliza maswali mawili, lakini jambo la haraka kuliko yote umelitaja kwa kupitia tu, nalo ni huo mchubuko. Nenda kituo cha afya leo, ueleze kwamba meno ya mbwa asiyejulikana kama amechanjwa yamegusa ngozi yako. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa katika mate, na ili viingie mwilini havihitaji jeraha la kutisha. Shirika la Afya Duniani hugawa matukio ya namna hii katika makundi matatu. La kwanza ni kumgusa mnyama au kulambwa kwenye ngozi isiyo na jeraha, na hapo hakuna tiba inayohitajika. La pili ni ngozi kuparuzwa au kutafunwa kidogo bila kutoka damu, na hapo jeraha huoshwa na chanjo huanzishwa mara moja. La tatu ni meno kupenya ngozi, au mate kuingia katika jeraha, machoni au mdomoni, na hapo mgonjwa, pamoja na chanjo, huhitaji kingamwili zilizo tayari ambazo hudungwa ndani ya jeraha na pembeni mwake. Kwa maelezo uliyotoa, wewe umo katika kundi la pili, na wanaopuuza kundi hili ni wengi kwa sababu tu hawakuona damu.

Siku sita si kuchelewa kiasi cha kukata tamaa, ingawa kila siku inayopita ni hasara. Virusi hivi husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na dalili kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa zinaweza kuonekana baada ya wiki moja au kuchelewa hadi mwaka. Chanjo hufaulu kwa sababu huuwahi ugonjwa ukiwa bado njiani, kwani dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Siku ile ulipaswa kuosha mguu kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 kamili, kisha kupaka dawa ya kuua vijidudu kama iodini. Nasisitiza dakika 15 kwa sababu watu wengi huosha kwa nusu dakika, wakaona wametimiza wajibu. Hata sasa osha, na usipake majivu, mafuta wala pilipili. Ukifika kituoni, uliza pia kuhusu kinga ya pepopunda.

Wakati huohuo, mtafute mbwa huyo kwa macho, bila kumkaribia. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku aliyouma huonyesha dalili au hufa ndani ya siku 10 tangu siku hiyo, kwa hiyo kwako zimebaki nne. Akiwa bado anakula, anatembea na kubweka kama kawaida siku ya kumi ikiisha, daktari wako anaweza kuamua kusimamisha dozi zilizobaki. Akitoweka, utamaliza dozi zote. Akifa, asiguswe kwa mikono mitupu wala asizikwe haraka, bali ofisi ya mifugo iarifiwe, kwa kuwa ugonjwa huu kwa mnyama huthibitishwa kwa kupima sehemu ya ubongo. Angalizo hili la siku 10 lisikufanye usubiri kuanza chanjo. Chanjo inaanza sasa, na mbwa anaangaliwa sambamba nayo.

Mtaona shaka kwamba huenda mbwa wote watatu wana kichaa. Sidhani, kwa kuwa kuwakimbiza waendesha baiskeli kila siku kwa namna ileile ni tabia, na kichaa huvunja tabia. Mbwa mwenye ugonjwa huu hubadilika: aliyekuwa mpole huuma bila kuchokozwa, hutafuna vijiti na mawe, sauti yake huwa ya mkwaruzo, mate humtiririka, hupepesuka au taya la chini humlegea. Wengine huwa wakimya tu na kujificha gizani, na hao huwahadaa watu zaidi, kwa kuwa mtu huwahurumia na kutia mkono mdomoni akidhani wamekwamwa na mfupa. Ukiona lolote kati ya hayo, maelezo yanayofuata kuhusu kupita kwa utulivu hayatumiki tena. Waondoe watu eneo hilo, kisha piga simu kwa ofisi ya mifugo.

Mbwa wa jirani yako wana ugonjwa mwingine, nao wamefundishwa na barabara yenyewe. Mbwa hulinda eneo analoliona kuwa lake, na pale lango lisipofungwa, eneo hilo hurefuka hadi mwisho wa mtaa. Anapobweka na mpita njia akaenda zake, yeye hajui kwamba mtu huyo alikuwa anaenda zake tangu mwanzo, na hivyo huhesabu kwamba amemfukuza. Akishinda hivyo mara ishirini kwa siku, kwa miezi kadhaa, ujasiri wake hukua, na wakiwa watatu kila mmoja huthubutu jambo ambalo peke yake asingelithubutu. Jirani anaposema kwamba mbwa wake hawaumi, huenda hasemi uongo, kwa kuwa mbwa anayemwona yeye nyumbani si mbwa unayekutana naye wewe barabarani. Wala usidanganywe na mkia. Mkia uliosimama wima na kutikiswa kwa haraka na kwa ukakamavu, mwili ukiwa mgumu na macho yamekukodolea, ni onyo. Mimi nimeng'atwa mara mbili katika kazi hii, na mara zote mbili mkia ulikuwa unatikisika.

Sasa tuje kwenye kupita. Kanuni iliyo ngumu kuliko zote kuitii ni kutokukimbia, kwa sababu kitu kinachokimbia huamsha kwa mbwa silika ya kufukuza, na hakuna mtu anayemshinda mbwa kwa mbio. Simama, geuka ubavu badala ya kumkabili kifua kwa kifua, teremsha mikono au ikunje kifuani, na umwangalie kwa pembe ya jicho bila kumkazia macho. Mbwa wengi hufika hatua chache kutoka ulipo, hubweka, kisha hupoteza hamu wanapokosa mtu wa kumkimbiza. Hapo rudi nyuma polepole, hatua kwa hatua, bila kumpa kisogo mpaka uwe mbali. Kama una baiskeli, shuka uiweke kati yako na yeye, na kama una mkoba, mwavuli au koti, kitangulize kimoja mbele yako, kwa kuwa heri aume mkoba. Sauti moja nzito ya amri, kama vile "Rudi!", husaidia, lakini mayowe ya mfululizo huwachochea.

Watu wengi huinama kana kwamba wanaokota jiwe, na ni kweli kwamba mbwa aliyezoea kupigwa mawe mara nyingi hurudi nyuma. Lakini kwa mbwa asiyewahi kupigwa jiwe, kuinama ni kumsogezea uso wako, na jiwe lenyewe likimpata humfundisha kwamba wapita njia ni adui, somo ambalo mtoto atakayepita kesho ndiye atakayelipa. Mimi singeitegemea mbinu hiyo. Wakiwa watatu, tafuta ukuta, uzio au gari la kuegemeza mgongo ili wasikuzunguke, na umwangalie zaidi yule anayejaribu kupita nyuma yako kimyakimya kuliko yule anayebweka mbele. Ukiangushwa, jikunje kama mpira, kifudifudi, vidole vimefumbatwa nyuma ya shingo na mikono imefunika masikio, kisha utulie, hata kama utulivu huo unaonekana kuwa kinyume cha akili. Akikushika kwa meno, usivute mguu au mkono kwa nguvu, kwa sababu kuvuta huchana nyama na kulifanya tundu dogo kuwa jeraha kubwa.

Kuhusu jirani, mazungumzo mawili ya mdomo hayatoshi, na la tatu lifanyike kwa namna nyingine. Andika kila tukio: tarehe, saa, mahali, mbwa yupi kwa rangi yake, nani aliona, na kilichotokea. Piga picha ya lango likiwa wazi na ya mbwa wakiwa barabarani. Daftari lenye matukio kumi yaliyoandikwa siku yalipotokea lina uzito mbele ya uongozi wa mtaa, polisi au mahakama kuliko wakazi ishirini wanaozungumza kwa pamoja kwa hasira. Nenda kwake na mtu mmoja anayemheshimu, msiende kundi, na mumwombe mambo mahususi: lango lifungwe na liwe na komeo, mbwa watoke wakiwa wameshikwa kwa kamba, na aonyeshe vyeti vyao vya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtu akiambiwa "dhibiti mbwa wako" hupata nafasi ya kujitetea, lakini akiulizwa ni lini komeo litafungwa, hulazimika kutaja siku.

Huenda akajibu kwamba atawafunga minyororo. Hilo linafaa kwa siku mbili tatu wakati uzio unatengenezwa, lakini mbwa anayeishi kwenye mnyororo mchana na usiku huwa mkali zaidi, na siku mnyororo ukikatika mtajua. Akisema atawahasi, mpongeze, kwa kuwa dume aliyehasiwa huzurura kidogo na hugombana kidogo kwa ajili ya majike. Hata hivyo, kuhasi peke yake hakumwondolei mbwa woga wala tabia ya kulinda eneo aliyokwisha kuizoea. Ikiwa kuna jike miongoni mwao, ukali unaweza kuwa wa msimu: jike anapokuwa tayari kupandwa madume humfuata kwa kundi na kugombana, na baada ya mimba ya takriban siku 63 atakuwa na vitoto atakavyovitetea dhidi ya kila anayekaribia. Jirani akikataa yote, peleka nakala ya daftari pamoja na barua kwa mamlaka ya eneo na ofisi ya mifugo, ukitaja kwamba mtu amekwisha kuumwa, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, lakini mfugaji aliyeonywa kwa maandishi ana kazi ngumu kudai kwamba hakujua.

Sumu naipinga moja kwa moja, na sababu ya kwanza si huruma. Nyama yenye sumu haichagui mlaji. Huiokota paka, ndege na mbwa waliofungwa vizuri, na mtoto mdogo anaweza kuishika, na katika nchi nyingi mtegaji hushtakiwa. Sababu ya pili inakuhusu wewe binafsi, kwa kuwa mbwa aliyekuuma akiuawa leo, utakuwa umepoteza zile siku nne za kumwangalia. Na ya tatu ni kwamba njia hii haidumu. Mahali penye jalala lililo wazi patavutia mbwa wengine, vitoto vitakavyozaliwa vitapata chakula cha kutosha na nafasi, na wageni hao watakuwa hawajachanjwa hata mmoja. Kinachozuia kichaa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, wenye wenyewe na wasio na mwenyewe, kiasi kwamba ugonjwa unakosa pa kuhamia. Kwa hiyo yule mbwa wa tatu, akivuka siku 10 akiwa mzima, anastahili kukamatwa na watu wenye zana na ujuzi, achanjwe, ahasiwe, kisha apatiwe mwenyewe au makazi. Anayeshinda akimlisha mlangoni, kama yupo, ndiye wa kuulizwa kwanza kama atamchukua. Na jalala lifunikwe, kwa kuwa bila hilo mtakuwa mnakamata mbwa kila mwaka.

Limebaki suala la watoto, ambao wasiachwe wapite hapo peke yao mpaka lango lifungwe. Karibu asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15, na mara nyingi huumwa usoni na kichwani, karibu na ubongo, kwa sababu ya kimo chao. Wafundishe nyumbani mambo mawili kwa mchezo: kusimama "kama mti", mikono imeshuka na macho yakitazama miguu yao wenyewe, na kulala "kama jiwe" wakiangushwa. Rudieni mara nyingi mpaka wafanye bila kufikiri, na muwaambie mapema kwamba hakuna atakayegombezwa kwa kusema ameumwa. Mtoto anayeogopa kukaripiwa kwa sababu alimchokoza mbwa atauficha mchubuko kama ule ulioufuta wewe kwa kitambaa.