Shangazi, ratiba ya Krismasi inanitoa roho

Shangazi, shikamoo. Krismasi hii mimi na mume wangu tunakwenda Praha, mji mkuu wa Ucheki, sisi wawili tu, siku tano. Aliponiuliza ningependa kuona nini nilimwambia "popote tu, wewe panga". Sasa amenitumia ratiba ya saa kwa saa, hadi muda wa kunywa kahawa umeandikwa. Tarehe 24 peke yake ina ngome, daraja, makumbusho mawili, kisha maduka jioni na chakula "popote tutakapopaona". Mwaka huu kazi imenimaliza, nataka kulala. Safari iliyopita tulikimbizana hivihivi, tukaishia kununiana siku mbili. Nikisema ataniona sina shukrani. Nimwambie tufute safari?
Aliyechoka

Marahaba, mwanangu. Usifute.

Ulimwambia apange, naye amepanga. Mtu anayeandika hadi saa ya kahawa mara nyingi anaogopa safari isije ikaharibika, halafu alaumiwe yeye. Na wewe ulipojibu "popote tu" ulimwachia hofu hiyo yote aibebe peke yake. Sisemi una kosa kubwa. Wengi wetu hujibu hivyo tukiwa tumechoka. Lakini usimwendee kama mshtakiwa.

Tena hiyo ratiba yake ya tarehe 24 itajifia yenyewe. Kwa Wacheki, jioni ya siku hiyo ndiyo Krismasi yenyewe. Siku chache kabla utaona mabeseni makubwa ya maji barabarani, ndani samaki waitwao kapr wanaogelea. Mnunuzi anachagua wake, muuzaji anamchinja palepale au anamfungia akiwa hai. Basi jioni ya tarehe 24 kila familia iko mezani na samaki huyo na saladi ya viazi, wengine wameweka gamba lake chini ya sahani ili mwaka ujao pesa isikauke. Mji unanyamaza. Kwa sheria ya mwaka 2016, maduka yanayozidi mita za mraba 200 hufungwa kuanzia saa sita mchana, na tarehe 25 na 26 hayafunguliwi kabisa. Makumbusho mengi nayo hufunga, tramu hupungua, na mikahawa mingi inayobaki wazi hupokea walioweka nafasi tu. Jua linazama kama saa kumi jioni.

Hiyo "popote tutakapopaona" ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko ngome. Watu wawili wenye njaa, gizani, kwenye baridi, wanasukuma mlango wa tatu uliofungwa: hapo hata malaika watanuniana.

Kwa hiyo una sababu nzuri ya kufungua mazungumzo, na haina lawama. Usimwandikie ujumbe wa simu. Kaa naye mkiwa mmeshakula, ratiba ikiwa mbele yenu, umwambie hivi: "Asante kwa kazi hii. Nilikutupia mzigo wote nikakaa kimya, si haki. Nimechoka kuliko nilivyokuambia. Naomba tuipange upya pamoja." Halafu nyamaza umsikilize. Ukiongeza neno "lakini" hapo, umeharibu.

Mwombe vitu viwili tu, vinavyoeleweka. Kwanza, asubuhi ya tarehe 25 usiamshwe. Yeye akitaka kwenda Daraja la Charles kabla watu hawajajaa, aende. Ndoa haivunjiki kwa mume kutazama sanamu 30 za daraja hilo peke yake. Pili, jioni ya tarehe 24 iwe na jambo moja tu baada ya chakula. Kama mnapenda kanisa, tafuteni linaloimba Misa ya Krismasi ya Jakub Jan Ryba, ya mwaka 1796. Inaimbwa kwa Kicheki, na hata usipoelewa neno utaifurahia.

Na yeye mwachie siku yake moja kamili, bila kuvuta miguu wala kuhema kwa makusudi. Akitaka msimame mbele ya ile saa ya mwaka 1410 pale uwanja wa mji mkongwe mkisubiri sanamu za mitume zipite dirishani mwake, simama. Zinapita kila saa kamili, na onyesho lenyewe ni fupi.

Akikasirika na kukuita huna shukrani hata baada ya kuongea naye hivyo, niandikie tena, maana hapo tutakuwa na jambo jingine la kuzungumza, na Praha haimo.

Meza ya tarehe 24 iwekeeni nafasi wiki hii. Mkikosa, nunueni chakula tarehe 23, mle chumbani. Benki ibadilishe pesa kuwa koruna, kwani Wacheki hawatumii euro. Na viatu viwe na soli ya mpira, maana mawe ya mitaa ile yakilowa yanateleza kama sabuni.