Tochi ya Usonara: Ya Kuyeyushia Jiundie, ya Kulehemia Nunua

Vijana wanaoanza usonara huniuliza swali lilelile: ninunue tochi ya gesi au nijitengenezee? (Nasema tochi ya moto, si ya kumulikia.) Wengi huja wameshaona kwenye simu namna ya kuunganisha vipande, na hesabu wameshapiga. Hata mimi niliipiga, nikaishia eneo la Gerezani, Dar es Salaam, na orodha mkononi: nipo (kibomba kifupi cha kuungia), ridyusa (kiungio cha kutoka bomba pana kwenda jembamba), koki, na ile ncha ya mashine ya kuchomelea ya MIG yenye tundu la milimita 0.6 ambayo ndiyo inakuwa pua ya gesi.

Iliwaka siku ileile. Gesi ikichomoka kwa kasi kwenye tundu dogo huvuta hewa yenyewe kupitia matundu ya pembeni, kwa hiyo huhitaji feni wala mvukuto. Nikayeyusha fedha chakavu kwenye chungu, na fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962, nikajiona mhandisi.

Wiki iliyofuata akaja mama mmoja na mkufu uliokatika. Nilitaka ulimi wa moto mwembamba kama sindano, nikapunguza gesi. Moto ukazama ndani ya bomba, ukawa unaungurumia humohumo, na mpini ukawa wa moto hadi nikauachia. Nikawasha tena, nikaongeza gesi. Sasa moto ukatoka mpana kama ufagio, na kabla lihamu (metali ya kuungia) haijatiririka, viungo vitatu vya mkufu vikawa shanga. Nilimlipa mkufu wake na pole juu.

Tatizo halikuwa uhaba wa joto. Bana (kichomeo cha gesi) la kujiundia, kama hilo langu, lina presha yake moja linayoipenda. Ukilitoa hapo linakasirika. Sonara naye kutwa nzima anabadilisha moto: kipini cha puani asubuhi, bangili nzito mchana. Ukinunua tochi, unalipia koki inayogeuka taratibu pasipo kuruka, na pua zinazobadilishwa. Vitu hivyo viwili hutavichonga kwa keekee ya mkono, nimejaribu.

Wengine hukimbilia kitochi kidogo cha mkononi, kile kinachojazwa gesi ya viberiti. Kwa hereni na pete nyembamba kinatosha, na ndicho ningemshauri mwanafunzi aanze nacho. Lakini usikipeleke kwenye bangili ya fedha. Hakuna metali inayopitisha joto kuliko fedha, hivyo unachoma hapa, joto linakimbilia kule, na lihamu inakutazama tu. Utamaliza gesi. Bangili inataka moto mkubwa na laini unaopasha kitu kizima kwanza.

Kwa hiyo karakana yangu ina vyote viwili: lile bana la Gerezani liko pembeni kwenye matofali ya kuhimili moto, kazi yake kuyeyusha, na tochi ya kununua iko mezani.

Ukiamua kuunda la kuyeyushia, epuka bomba la maji lenye zinki, hasa upande wa mdomo. Likipata moto zinki hutoa moshi mweupe, ukiuvuta usiku unatetemeka kama mwenye malaria. Regyuleta ya jiko la nyumbani haitakufaa, presha yake ni ndogo mno. Nunua ya presha kubwa inayorekebishika, na usithubutu kufunga mpira moja kwa moja kwenye mtungi eti kwa sababu fulani anafanya hivyo. Kila kiungo kipake povu la sabuni kabla ya kuwasha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halikusaidii. Fungua mlango.

Oksijeni na asetilini sitaki hata kujadili kuunda. Asetilini ikikaa kwenye bomba la shaba nyekundu hutengeneza kitu kinacholipuka kwa kugongwa tu. Oksijeni ikikutana na grisi kwenye hesi (mizunguko ya kufungia) za kiungo inaweza kuwaka bila kiberiti. Hapo nunua kamili, pamoja na valvu za kuzuia moto kurudi kwenye mpira. Na kama unafanya fedha na dhahabu tu, huenda huzihitaji kabisa. Gesi na hewa vinatosha kwa kazi nyingi za lihamu. Platinamu ndiyo inadai oksijeni, maana huyeyuka karibu nyuzi 1,770, na sijui wangapi kati yetu huletewa platinamu.

Ukienda dukani, kabla hujatoa hela omba uoneshwe pua za akiba. Kama hawana na hawajui zinapatikana wapi, toka. Pua ikiziba wiki ya tatu utajaribu kuizibua kwa sindano, tundu litapanuka, na utarudi kwenye moto wa ufagio.