Bando ninalo, 4G inasoma, ila jioni inazunguka tu: niweke VPN?

SWALI: Shikamoo kaka. Nina steshenari ndogo Ipagala, hapa Dodoma. Nawasha hotspoti ya simu yangu, naunganisha kompyuta, nawasaidia watu kutuma maombi ya kazi na ya mikopo ya wanafunzi. Asubuhi hakuna shida. Kuanzia saa 12 jioni ukurasa unazunguka mpaka mteja anachoka, anaondoka. Bando ninalo na 4G inaonekana juu ya kioo. Mdogo wangu anasema niweke VPN, maana yeye akiwasha ya kwake video za YouTube hazikwami. Kuna kijana pia ananiuzia faili la VPN kwa 5,000 kwa mwezi, anadai spidi itakuwa mara mbili. Nimlipe?

JIBU: Marahaba. Hiyo elfu tano iache kwanza kwenye droo.

Mdogo wako hadanganyi, ila tatizo lake na lako si moja. Tufuate njia nzima. Unapobonyeza kutuma, taarifa inatoka kwenye simu kwa mawimbi hadi mnara ulio karibu na wewe. Toka mnarani inaingia kwenye mitambo ya kampuni ya simu, inapita mkongo hadi Dar es Salaam, na kama seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti unayoitafuta, iko nje ya nchi inazama baharini kwenye nyaya kama SEACOM na EASSy. VPN inachofanya ni kuifunga taarifa hiyo kwa msimbo ikiwa bado simuni, halafu kuipitisha kwenye seva yake kabla haijaenda kule ulikokusudia. Ukimpa kondakta barua ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, basi haliondoki stendi mapema kwa ajili ya bahasha. Kipande cha kwanza, cha simu hadi mnara, kinabaki vilevile, VPN iwe imewashwa au imezimwa.

Na kwa maelezo yako, hicho kipande cha kwanza ndicho ninachokishuku. Mnara una uwezo wa kiasi fulani, na uwezo huo unagawanywa kwa wote wanaoutumia kwa wakati huo. Saa 4 asubuhi mtaani mpo wachache. Saa 2 usiku watu wamerudi kazini, wanafunzi wamerudi mageto, kila mtu ana video yake. Ukitaka kuona vizuri zaidi, subiri Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, mji ukijaa wageni. Ile alama ya 4G inakwambia tu simu imeshika mtandao wa aina gani. Haikwambii mko wangapi mnaogombea mnara huo.

Kwa kazi yako VPN inaweza hata kukuharibia. Tovuti nyingi za Serikali ziko kwenye seva za humu humu nchini. Ukichagua VPN ya London, ombi la mteja wako linatoka Ipagala, linavuka bahari hadi Uingereza, halafu linarudi tena Tanzania. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na toka hapa hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000 hata ukinyoosha mstari. Kwenda na kurudi ni milisekunde 70 bila kuhesabu mizunguko ya nyaya baharini wala mitambo ya njiani. Ukurasa mmoja wenye fomu unafanya safari kama hiyo mara nyingi kabla haujafunguka wote.

Sasa mdogo wako. Unayajua mageti ya ushuru wa mazao barabarani. Lori lenye magunia ya alizeti linasimamishwa, gari lisilo na mazao linapita. Kampuni ya simu nayo inaweza kuweka geti la namna hiyo kwa video pekee, ili zisimalize nafasi ya wengine. VPN ni turubai. Mwenye geti haoni kilichopakiwa, kwa hiyo video inapita kama mzigo wowote. Hapo ndipo VPN inaongeza spidi kweli. Pia inasaidia pale ambapo njia ya kampuni yako kwenda huduma fulani ya nje ni ya kuzunguka sana, na ile ya mwenye VPN ni fupi. Hilo hutokea mara chache. Ila kama umemaliza kiwango cha bando na spidi nzima imeshushwa, turubai halisaidii, maana hapo malori yote yameamriwa kwenda polepole. Mnara ukielemewa ni hivyo hivyo.

Usiniamini kwa maneno, pima. Kama simu yako ni Android, fungua sehemu ya kupigia, andika *#*#4636#*#*, simu nyingi zitafungua ukurasa wa taarifa za simu. Tafuta nguvu ya mawimbi, itakuwa namba yenye alama ya kutoa mbele. Kwenye 4G, -85 ni nzuri, -105 imeanza kuchoka, ukipita -115 simu inajishikilia kwa kucha. Namba hii ndiyo iliyonifundisha adabu. Miaka ya nyuma nilipanga chumba cha nyuma, bati juu, nondo dirishani, nikalipia VPN ya mwaka mzima kwa dola kwa sababu video zilikuwa zinakwama. Jioni moja nikatoka kuanua nguo, simu ikiwa mkononi, video iliyokuwa imeganda ikaanza kucheza yenyewe. Nikapima: ndani -113, kwenye kamba ya nguo -92. Katika vipimo hivi kila 10 ni mara kumi, kwa hiyo zile hatua 21 ni mawimbi yenye nguvu zaidi ya mara mia. VPN yangu ya dola ikawa inafunga vizuri sana taarifa ambazo hazikuwa zinafika mnarani.

Halafu pima spidi mara mbili mahali palepale, saa 4 asubuhi na saa 2 usiku, VPN ikiwa imezimwa. Kama nguvu ya mawimbi ni ileile lakini spidi imeporomoka usiku, ni foleni ya mnara. Kipimo cha mwisho ni cha mdogo wako zaidi: pima kwa Speedtest, programu ya kupima spidi, kisha kwa tovuti ya Fast.com. Hii ya pili ni ya Netflix na inapakua kutoka kwenye seva zao, kwa hiyo geti la video likiwepo nayo hukamatwa. Ikitoa namba ndogo sana huku Speedtest ikitoa kubwa, washa VPN urudie Fast.com. Ikipanda, mdogo wako aendelee na VPN yake, ana sababu.

Kuna gharama ambayo wauzaji hawaitaji. Bahasha nazo zinakula bando. WireGuard, ambayo ni miongoni mwa VPN nyepesi, mara nyingi huongeza baiti 60 kwenye kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha taarifa, na pakiti kubwa ya kawaida ina kama 1,500. Hiyo ni asilimia 4, yaani katika GB 10 karibu MB 400 zinaishia kwenye bahasha. Kibaya zaidi, kama bando lako lina MB za WhatsApp peke yake, ukiwasha VPN mfumo wa kampuni hauitambui tena WhatsApp, unakata kwenye MB za kawaida. Watu wengi wanalalamika wameibiwa bando kumbe ni wao wenyewe wameifunika.

Yule kijana wa faili usimpe hata mia. Mafaili mengi ya namna hiyo yanaudanganya mfumo wa kampuni ya simu uone unatumia huduma ya bure. Huo ni wizi, na kampuni ikiziba tundu faili linakufa, naye hapokei simu. Zaidi ya hapo, kila utakachotuma kupitia VPN hiyo kitapita kwenye seva ya mtu usiyemjua, na wewe unashika vyeti, namba za NIDA na nywila za watu. Hata kampuni kubwa si za kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa: Facebook ilikuwa na VPN ya bure iitwayo Onavo, ikawa inaitumia kuona watu wanatumia programu zipi, mpaka ikaondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018. Na sheria usiisahau. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iliwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP (namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni), kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Wewe una ofisi yenye kibao nje, kwa hiyo ukiamua kuitumia pita kwao kwanza.

Ningekuwa kwenye kiti chako ningeanza na skana. Cheti ukikiskani kwa 600 dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi, kinakuwa faili zito. Shusha hadi 200, nukta zinapungua mara tisa na maandishi bado yanasomeka. Kupandisha faili ndiko kunakoitesa simu zaidi, maana mnara una mtambo mkubwa wa kurusha lakini simu yako inarusha kwa nguvu ya takriban wati 0.2. Pili, Windows. Ikiona hotspoti inaidhani ni intaneti ya ofisini, inaanza kupakua masasisho kimyakimya mteja akiwa amekaa mbele yako. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi kuna swichi ya kuiambia kuwa intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Iwashe. Tatu, simu isilale mezani nyuma ya kompyuta, iweke dirishani upande wenye namba nzuri.

Kama ukurasa unachelewa kuanza lakini ukianza unakwenda vizuri, jaribu kubadili DNS, yaani kitabu cha anwani kinachogeuza jina la tovuti kuwa namba. Kwenye Android 9 na kuendelea, nenda mipangilio ya mtandao, DNS ya faragha, andika dns.google. Ni bure. Kwa kuwa kompyuta yako inatumia hotspoti, nayo ibadilishie DNS kwenye mipangilio yake, isiishie kwenye simu tu.

Baada ya hapo azima laini ya mtandao mwingine kwa jirani, weka bando la siku moja, upime saa 2 usiku hapo hapo dirishani. Nitumie namba zote: mawimbi na spidi, asubuhi na usiku, kwa laini zote mbili. Nikiziona nitakwambia kama ni suala la kuhama mtandao au la kuulizia faiba mtaani kwenu.