Kamirithu ilibomolewa na nini, na je, sisi tujenge kwa mianzi au kwa mawe?

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Molo na ninalea kikundi cha maigizo cha vijana na akina mama. Chifu ametuandikia barua ya kutumia kiwanja kilicho kando ya barabara, karibu na kituo cha matatu, na tunataka ukumbi wa watu 400. Nilipendekeza mianzi na mbao, kama walivyofanya watu wa Kamirithu kule Limuru walipojenga ukumbi wao wa wazi wa maigizo mwaka 1977. Wazee wa kamati wamekataa. Wanasema ule ukumbi haukufikisha hata miaka mitano kwa sababu haukuwa wa mawe. Je, ni kweli? Na je, ukumbi wa wazi usio na vipaza sauti husikika?

JIBU: Mwalimu, waambie wazee kwa heshima kwamba si kweli. Ukumbi wa Kamirithu haukuoza wala haukuanguka wenyewe. Tarehe 11 Machi 1982 serikali ilifuta usajili wa kituo cha elimu na utamaduni cha Kamirithu, na kesho yake polisi wenye silaha wakafika kwa malori matatu wakaubomoa. Hata ungekuwa wa mawe ya Ndarugu ungebomolewa siku ileile, labda ingewachukua saa chache zaidi. Kwa hiyo swali lenu la mianzi au mawe ni zuri, nami nitalijibu, lakini jambo linalonitia wasiwasi katika barua yako ni lile ulilolitaja kwa kupita tu: barua ya chifu. Nitalirudia.

Kwanza historia, maana vikundi vingi husimuliwa kisa cha Kamirithu na kuachiwa upande wa siasa tu, na ujenzi wenyewe husahaulika. Mimi ni msanifu majengo, na kwangu ule ni mmojawapo wa kumbi zilizofikiriwa vizuri zaidi katika nchi hii.

Kamirithu kilikuwa kijiji cha wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipopambana na wapiganaji wa Mau Mau na watu wakakusanywa kwa nguvu vijijini katika miaka ya 1950. Wakazi wake wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata na watu wasio na ajira. Palikuwa na ekari nne zilizotengwa kwa kituo cha vijana, na juu yake banda la udongo la vyumba vinne lililokuwa likibomoka. Mwaka 1976 wanakijiji walianza humo masomo ya watu wazima chini ya uratibu wa Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Masomo yakazaa haja ya mchezo wa kuigiza. Yeye na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o wakaandika mchezo wa Ngaahika Ndeenda (Nitaoa Nitakapotaka) kwa Kikuyu, Kimani Gecau akaiongoza, na wanakijiji wakaikosoa ukurasa kwa ukurasa kabla haijafika jukwaani.

Jukwaa lenyewe halikuwepo. Hapa ndipo ninapowaomba vijana wako wasikilize. Kundi la vijana wa kijiji, likiongozwa na tarishi wa ofisi, lilichora ukumbi kwa njiti za kiberiti. Walizipanga njiti chini, wakaona watu watakaa wapi na waigizaji watapita wapi, wakarekebisha, kisha kijiji kikajenga. Matokeo yake yalikuwa jukwaa la nusu duara lililoinuliwa, na nyuma yake ukuta wa mianzi uliopinda kulifuata. Nyuma ya ukuta palikuwa na kijumba cha vyumba vitatu cha kuwekea vifaa na kubadilishia mavazi. Mbele kulikuwa na mabenchi marefu ya mbao yaliyopandana kama ngazi, yakitosha watu zaidi ya 2,000. Hapakuwa na paa. Nje kulikuwa na ua wa mianzi, na nyuma ya watazamaji mikaratusi mirefu. Siku moja waigizaji kadhaa, bila kupangwa, waliipanda miti ile wakaimba kutoka juu.

Tazama walichokataa. Ukumbi wa Taifa pale Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1952, una jukwaa la sanduku: watazamaji gizani upande mmoja, waigizaji ndani ya fremu upande wa pili, pazia katikati. Kamirithu hawakulihitaji pazia. Mchezo wao ulikuwa na nyimbo na ngoma za arusi, pamoja na gĩtiiro, ambamo pande mbili hujibizana kwa kuimba, na mama mzee wa kijiji ndiye aliyewafundisha maneno na sauti zake. Nyimbo za namna hiyo hufa ndani ya fremu. Zinataka watu waweze kuingia kutoka nyuma ya watazamaji, wapite katikati yao na kuzunguka. Nafasi waliyoacha kati ya jukwaa na mabenchi na pande zote za ukumbi haikuwa ardhi iliyobaki. Ilikuwa sehemu ya jukwaa.

Mazoezi nayo yalifanyika hadharani, na mpita njia aliruhusiwa kusahihisha. Mzee aliyewahi kutengeneza bunduki za Mau Mau msituni alikuja kutengeneza bunduki za bandia za mchezo. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 2 Oktoba 1977, na watu walikodi mabasi kutoka mbali kuja kutazama. Tarehe 16 Novemba kibali cha kuuonyesha kikafutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini karibu mwaka mzima. Kikundi kilipojaribu tena kwa mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, mwanzoni mwa 1982, kilinyimwa kibali cha kuonyesha katika Ukumbi wa Taifa, wakafanya mazoezi ya wazi Chuo Kikuu cha Nairobi mbele ya maelfu ya watu. Wiki chache baadaye ukumbi wao ukabomolewa. Leo mahali pale pana chuo cha ufundi. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Gecau walikwenda Zimbabwe na kuendeleza huko kazi ya maigizo ya jamii.

Sasa kusikika. Hewani sauti hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kwa hiyo adui yenu ni umbali kwanza, na umbali hutokana na umbo la ukumbi. Chukua watu 2,000, kila mmoja sentimita 45 za benchi na sentimita 85 kutoka safu hadi safu. Ukiwapanga watu 40 kwa kila safu iliyonyooka, utapata safu 50, na wa mwisho atakuwa zaidi ya mita 42 kutoka ukingo wa jukwaa. Haoni uso wa mwigizaji, na neno la chini halimfikii. Wapange watu haohao kwa nusu duara, pamoja na njia za kupita, na wa mwisho atakuwa kama mita 25 tu kutoka katikati ya jukwaa. Mita 25 bado si karibu, lakini mwigizaji aliyezoea kutoa sauti kutoka tumboni huifikia.

Nyinyi mna kazi rahisi zaidi. Chomeni kigingi pale patakapokuwa katikati ya jukwaa, mfunge kamba, mchore nusu duara ya kwanza kwa mita 4, halafu muongeze sentimita 85 kila mara. Safu 9 zitawapa watu 400 hivi, hata mkiacha njia tatu za mita 1.2 kila moja. Mtu wa mwisho atakuwa karibu mita 11 kutoka kwenye kigingi. Kwa umbali huo hamhitaji kipaza sauti hata kimoja, mradi mahali ni kimya. Fedha za spika ziwekeni kwenye mbao.

Lakini umesema kituo cha matatu kiko karibu, na hapo mianzi haitawasaidia. Kelele huzuiwa na uzito. Fito za mianzi zina mianya na ni nyepesi, hivyo honi itapita. Mimi ningeweka jukwaa upande wa barabara, mgongo wake ukielekea matatu, na ukuta wa nyuma ningeujenga kwa mawe au matofali ya udongo, mita 3 na nusu kwenda juu, bila tundu. Ukuta huo utafanya kazi mbili: utazuia kelele, na utairudisha mbele sauti ya mwigizaji aliyegeuka kidogo. Ukiupinda kama wa Kamirithu, msipake plasta laini. Ukuta laini uliopinda kwa ndani hukusanya sauti mahali pamoja, mtu wa safu ya nne akasikia mno na jirani yake asisikie. Mawe yaliyoachwa na makunyanzi huitawanya, na fito za mianzi zikisimamishwa mbele ya ukuta hufanya vivyo hivyo kwa uzuri zaidi. Kwa hiyo wazee watapata mawe yao, nawe utapata mianzi yako.

Ningefanya hivyo kwa sharti moja, kwamba kiwanja kina mteremko na watazamaji watakaa upande wa juu. Mteremko ndio ngazi ya bure. Jicho la aliye nyuma linapaswa kupita juu ya jicho la aliye mbele yake kwa sentimita 12, au angalau 6 ikiwa viti vimepishana. Kwa vipimo vyenu kila safu itapanda kati ya sentimita 20 na 30. Msiniamini mimi kwa hilo, pimeni. Mkalishe mwanafunzi kwenye kila safu, funga uzi kwenye sakafu ya jukwaa mahali mwigizaji atakapopiga magoti, uvute hadi kwenye jicho la mwanafunzi wa tatu, uone kama unamgusa wa pili kichwani. Ukimgusa, inua benchi la nyuma. Anzeni na njiti za kiberiti mezani, kisha kamba na vigingi kiwanjani, ndipo mwite seremala.

Mwanzi hudumu ukikaa pakavu. Ukichimbiwa udongoni bila dawa huoza kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Ukiinuliwa juu ya msingi wa mawe na kukingwa na mvua, hata bila dawa hufika miaka minne hadi saba. Ukate uliokomaa, wa miaka mitatu hadi mitano, na uloweke katika maji ya boraksi na asidi ya boriki, kwa sababu wadudu wanaoutoboa hufuata wanga ulio ndani yake. Kwa nguzo za mabenchi tumieni mikaratusi iliyotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo, kama nguzo za stima. Kupaka dawa kwa brashi hakutoshi kwa mti utakaosimama udongoni. Mabenchi na sakafu ya jukwaa vihesabiwe kubeba kilo 500 kwa kila mita ya mraba, maana watu wakianza kucheza hawakai tena, wanaruka. Hapo mwiteni mhandisi wa miundo, hata kama mengine yote mtayafanya wenyewe.

Molo ina mvua, nami sishauri muezeke ukumbi wote kwa mabati. Mvua ikipiga mabati, hakuna sauti ya binadamu itakayoishinda. Ezekeni jukwaa tu, paa likiinuka kuelekea watazamaji, na chini yake mpigilie mbao. Mbao hizo zitapeleka sauti mbele. Kamirithu walianza Oktoba, kabla mvua za vuli hazijakolea. Pangeni kalenda yenu nanyi kwa kutazama mbingu. Na watazamaji wasielekezwe magharibi, la sivyo jua la saa kumi litawachoma machoni.

Nirudi kwenye barua ya chifu. Ile ardhi ya Kamirithu ilikuwa imetengwa na serikali kwa kituo cha vijana, na kikundi kiliitumia kwa usajili. Usajili ulipofutwa, hawakubaki na karatasi yoyote ya kusimama nayo mbele ya yule aliyekuja kubomoa. Nyakati zimebadilika: Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilionyeshwa Ukumbi wa Taifa uleule, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Lakini viwanja vya kando ya barabara vinatamaniwa leo kuliko wakati ule, na barua ya chifu haimiliki ardhi wala haikodishi. Akihamishwa, au barabara ikipanuliwa, mtaambiwa mng'oe nguzo.

Sajilini kikundi rasmi kama kikundi cha jamii. Nendeni ofisi ya ardhi mkafanye upekuzi mjue kiwanja ni cha nani, na mwangalie mpaka wa hifadhi ya barabara unapita wapi. Mara nyingi hula nusu ya kiwanja. Kama ni ardhi ya umma, ombeni mkataba wa kukodi wa miaka mingi kwa jina la kikundi, uandikishwe, na ndani yake itajwe wazi kwamba kuna ukumbi na kwamba mkiondolewa mtalipwa gharama yake. Kibali cha ujenzi cha kaunti na idhini ya afya ya umma kuhusu vyoo na milango ya kutokea huja baada ya hapo.

Mkataba ukichelewa, msisubiri mkiwa mmekaa. Sawazisheni jukwaa la udongo, chomeni vigingi, watu walete viti kutoka nyumbani, na mazoezi yaanze Jumapili ijayo. Mtagundua wapi upepo unabeba maneno na wapi matatu yanawashinda, na michoro itabadilika mara mbili au tatu bila gharama. Mawe na mbao vinunuliwe siku mkataba utakapotiwa saini.