Lile gauni nani kalilipia?

Safu iliyopita niliandika kwamba majarida ya mitindo yamewapamba kupita kiasi wake za madikteta. Nilidhani itapita kimya kimya. Meseji zimejaa simuni, za Arusha na Moshi, na nyingi ni za kunisuta. Nazijibu chache.

Jarida la mitindo kazi yake mitindo. Ulitaka waandike mauaji? (Msusi, Sakina)

Dada yangu, mimi ni mteja wa saluni kama wateja wako. Nimekaa chini ya draya na jarida lisilo na jalada, lililokuja na mitumba, nikafunua picha bila kusoma hata mstari mmoja. Raha yake naijua, usinione mtakatifu.

Ila tazama yaliyompata Asma al-Assad. Mapema 2011 jarida la Vogue la Marekani lilimwandika mke huyo wa Bashar al-Assad, Rais wa Syria wakati huo, kwa kichwa cha habari kilichomwita waridi jangwani. Mzaliwa wa London, aliwahi kufanya kazi benki, mwembamba, kuvaa anajua. Tukaelezwa hata kwamba nyumbani kwake mambo yanaamuliwa kwa kura, wazazi na watoto sawa. Kura! Mumewe alirithi urais kwa baba yake. Machi mwaka huohuo mji wa Daraa, hukohuko Syria, ukalipuka: wanafunzi walikamatwa kwa kuandika ukutani maneno ya kuupinga utawala, watu wakaandamana, wakapigwa risasi. Muda si mrefu Vogue wakaiondoa makala mtandaoni.

Na msidhani mwandishi alibisha hodi tu akakaribishwa chai. Kulikuwa na kampuni ya kusafisha majina, Brown Lloyd James, iliyokuwa ikilipwa dola 5,000 kwa mwezi ili kurahisisha mambo kati ya ikulu na jarida. Kwa ikulu hiyo ni hela ya soda.

Kwa hiyo dada, sikutaka waandike mauaji badala ya viatu. Lakini ukishaingia sebuleni kwa watu, ukasifu mapazia, huwezi kusahau kuuliza habari za Hama, mji ambao majeshi ya baba mkwe yaliuteketeza 1982 na kuua maelfu. Hiyo haikuwa siri. Hata dereva wa teksi Damascus aliijua, ila asingeisema.

Mteja kaniletea picha ya mke wa dikteta mmoja, anataka gauni kama lile kwa kitenge. Nishone? (Fundi cherehani, Mbuyuni, Moshi)

Shona, kaka. Chukua nusu ya hela kwanza, maana mishono ile inakula kitambaa, na wateja wa picha za simuni wana tabia ya kupotea.

Mume kaiba nchi, mke anasemwa viatu. Mbona mnatuandama wanawake? (Mama wa watoto wanne, Kaloleni)

Hapa umenikamata, mama. Imelda Marcos alipokimbia na mumewe, Rais Ferdinand Marcos wa Ufilipino, kutoka ikulu ya Manila Februari 1986, dunia nzima ilianza kuhesabu viatu. Wengine walisema jozi 3,000, mwenyewe akasema 1,060, na ubishi huo ukawa ndiyo habari. Fedha walizochota, zinazokadiriwa kuwa kati ya dola bilioni 5 na 10, hazikupata picha hata moja. Kiatu unakipiga picha. Akaunti ya Uswisi utaipigia wapi? Novemba 2018 mahakama ya ufisadi ilimtia hatiani kwa makosa saba yaliyohusu taasisi za hukohuko Uswisi. Jela hakukaa. 2022 mwanawe akawa rais. Viatu vingine viko makumbusho ya Marikina, watu hulipa kuviona.

Naanza kuamini kwamba kumpamba na kumcheka ni mchezo uleule. Vyote vinatuacha tunaangalia miguu.

Mke wa mtawala anajua nini? Si ni pambo tu? (Mwanafunzi wa uandishi wa habari, Njiro)

Mwanangu, nawe uko Arusha unaniuliza mimi? Katika jengo la mikutano la AICC mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilimhukumu Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake. Hakuwa mke wa rais, lakini anatosha kukuondolea hilo la pambo. Ilimkuta na hatia Juni 2011. Kwenye rufaa, Desemba 2015, kifungo cha maisha kikashushwa hadi miaka 47. Mahakama hiyohiyo ilimpa miaka 20 Protais Zigiranyirazo, shemeji wa Rais Habyarimana wa Rwanda, mwaka 2008, kisha rufaa ikamwachia huru 2009. Usimhukumu mtu kwa ndugu aliyeoa au kuolewa naye. Usimsafishe kwa mkufu pia.

Ninyi vijana mnadhani haya yameanza na intaneti. Harusi ya Amin mliiona? (Mstaafu, Moshi)

Shikamoo mzee. Sikuiona, nimesoma tu. Machi 1974 Idi Amin aliwapa talaka wake watatu kwa mpigo, tena ikatangazwa redioni. Mmoja wao, Kay, alikutwa amekufa mwaka huohuo, mwili umekatwa vipande. Mwaka uliofuata, Kampala ikiwa mwenyeji wa mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Amin akamwoa Sarah Kyolaba, mnenguaji wa bendi ya jeshi, mbele ya wageni na kamera. Nyerere aliususia mkutano ule, kwa hiyo keki hatukuila.

Wewe pengine unakumbuka zaidi Machi 1979, wakimbizi wa Uganda walipokusanyika hapohapo Moshi kupanga nani atawale baada yake. Bi harusi yule aliishia London, akafungua saluni. Alifariki 2015.