Barua Haijaja: Maswali Yenu ya Kungoja Kibali

Wiki mbili zilizopita niligusia kidogo habari ya watu wanaongoja vibali vya ukaazi, na tangu siku hiyo simu yangu haijapoa. Kumbe nusu ya Tanga inangoja! Wengine wapo hapa hapa Ngamiani, wengine wako ughaibuni lakini roho ziko Makorora. Nimechagua barua tano. Mbili nitazikalia, zilizobaki nitazipitia kama mtu anayewahi basi la alfajiri.

Shikamoo Bi. Mume wangu ni Mtanga mwenzetu, alishachukua uraia wa Uingereza. Ombi langu la viza ya mwenza lina miezi saba. Kazi ya kufundisha chekechea niliacha siku ile ile nilipokwenda kutoa alama za vidole. Sasa naamka saa tisa usiku kuangalia barua pepe. Nikitoka nje naulizwa, "Kumbe bado upo?" — Mama K., Chumbageni

Marahaba mwanangu. Tuanze na hiyo saa tisa. Saa tisa usiku kwetu, Uingereza ni saa sita usiku, au saa saba ikiwa ni majira yao ya joto. Hakuna afisa aliye mezani. Unamkesha mtu aliyelala! Wakifungua ofisi asubuhi, huku kwetu mchana umeshaingia. Kwa hiyo angalia mara moja tu, saa kumi na mbili jioni, kisha simu ikae mbali. Ukishindwa, mpe mumeo hiyo kazi, yeye ndiye asome barua pepe na akupigie kukiwa na neno.

Nasema haya kwa kuwa nami yalinikuta. Nilingoja miezi kumi na tisa katika nchi ya watu, na ofisi moja ambayo sitaitaja ilipoteza picha zangu kisha ikaniandikia kuwa sikuzileta. Nilikuwa nafungua sanduku la barua mara sita kwa siku, na tarishi alikuwa anapita mara moja.

Kosa lako kubwa ni kuacha kazi. Sikulaumu, wengi hufanya hivyo, wakiamini kwamba ukishatoa alama za vidole mguu mmoja umeshafika. Lakini sikiliza hesabu. Viza hiyo ikitoka ni ya miaka 2 na miezi 9. Ikikaribia kwisha unaomba tena, unalipa tena, unangoja tena. Ukaazi wa kudumu unaombwa baada ya miaka 5. Kungoja huku ndiko kwa kwanza, kuna kwingine mbele. Ukizoea kusimamisha maisha kila faili linapoingia mezani kwa mtu, utayasimamisha mara nyingi. Rudi kwa mwalimu mkuu kesho. Utaona haya kwa dakika kumi, basi. Asipokuwa na nafasi, fundisha watoto wa jirani barazani kwako.

Karatasi pia usizisahau. Tazama pasi yako ya kusafiria inaisha lini. Cheti cha kipimo cha kifua kikuu kinadumu miezi 6, na cha mtihani wa Kiingereza miaka 2. Ombi likikataliwa ukalazimika kuanza upya, usigutuke kuona kimoja kimeshakufa. Ziandike tarehe hizo ukutani.

Ama hao wa "kumbe bado upo", wavumilie. Mji huu unajisifu kwa *waja leo, waondoka leo*. Anayechelewa kuondoka wanamwona kavunja ada. Waambie, "Nipo, karibu chai."

Bi, niko Marekani, nimeoa huku, na ombi langu la kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu wa huku, liko mwaka wa pili. Mama yuko Makorora, figo zinamsumbua. Dada zangu wanasema nimemtupa. Nikipanda ndege nikamwone, itakuwaje? — Mtoto wa mwisho, Ohio

Usikate tiketi kwanza. Mtu aliyeomba kadi ya kijani akiwa ndani ya Marekani, akatoka kabla ya jibu bila ruhusa maalumu ya kusafiri, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake. Walio na viza za kazi za aina chache wana nafuu, lakini usijiweke humo kwa kukisia. Ruhusa hiyo huombwa kwa fomu I-131. Kama hujaiomba, iombe wiki hii, kwa sababu nayo ina foleni yake. Kwa ugonjwa mzito kuna njia ya dharura, ila watataka ushahidi: barua ya daktari, kama ni hospitali ya Bombo basi yenye tarehe, mhuri na namba ya simu, pamoja na cheti chako cha kuzaliwa kinachoonyesha kuwa huyu ndiye mama yako. Karatasi yoyote ya Kiswahili itafsiriwe kwa Kiingereza, na aliyetafsiri aandike kwamba anazijua lugha zote mbili. Hata ukiwa na ruhusa, afisa wa uwanja wa ndege ndiye anayeamua kukuingiza tena. Na kama uliwahi kukaa hata siku moja zaidi ya viza yako, muone wakili wa uhamiaji kabla ya yote. (Wenzako walio Uingereza na ombi la kuongeza muda nao wasidhani wamesalimika. Wakitoka nje kabla ya jibu, ombi huhesabiwa limeondolewa.)

Hayo ni ya sheria. Sasa ya nyumbani.

Dada zako hawana ubaya. Hawajui tu kuwa kuna mlango unaofunga kwa nje. Ukiwaambia "mambo ya karatasi", wao wanasikia "sitaki". Piga simu siku wote wamekusanyika, iwekwe sauti ya juu, mama naye asikie. Sema wazi: nikija leo bila ruhusa, ombi la karibu miaka miwili linakwenda na maji, na huenda nisimrudie mke wangu kwa muda mrefu. Wakishalijua hilo watakasirika na sheria, wewe watakuacha.

Kisha tafuta kazi ya kufanya ukiwa huko. Pesa unatuma, najua, lakini pesa haina sauti. Daftari la hospitali liwe mikononi mwa dada mmoja. Wewe ndiye umuulize dozi, wewe ndiye uzungumze na daktari anapopatikana, wewe ndiye ukumbuke siku ya kliniki. Na umpigie mama kila siku saa ile ile, hata mkikosa la kusema. Wazee wetu hukaa na mgeni barazani nusu saa bila neno, na yule mgeni huhesabiwa amekuja.

Na hili gumu nitalisema kwa sababu umeniuliza mimi. Sisi huzika haraka. Akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Kutoka Ohio hadi Makorora, hata ungekuwa na ruhusa mfukoni na tiketi mkononi, mazishi usingeyawahi. Kwa hiyo usiitunze ruhusa kwa ajili ya msiba. Ikitoka, njoo akiwa hai, umlishe uji kwa mkono wako. Mazishi wataswali wengine.

Na nyinyi akina dada, mkisoma hapa: mtoto wa mwisho hajamtupa mtu.

Mimi ni Mdigo wa Kwale, Kenya, nimeolewa Duga, huku Tanga. Hati ya mtegemezi nimeomba, majibu bado. Naweza kufungua saluni ndogo nyumbani nikingoja? Na babu zetu mbona walivuka bila karatasi?

Babu zako walivuka kwa sababu mstari haukuwapo. Wadigo mko kuanzia kusini ya Mombasa hadi huku kwetu, na Waingereza na Wajerumani wakauchora mpaka katikati yenu mwaka 1886. Harusi zenu hazikuwahi kuuheshimu, na mimi sioni kosa. Lakini afisa wa mpakani Horohoro hagongi mhuri kwenye nasaba.

Saluni, hapana. Pasi ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi, na hata hati ya mtegemezi ikitoka, peke yake haikupi ruhusa hiyo. Juu yake kuna amri ya serikali ya Julai 2025 iliyowafungia wasio raia biashara 15, saluni ikiwamo, pamoja na kutuma pesa kwa simu na kutengeneza simu. Jirani mmoja mwenye wivu anatosha kukuharibia ombi zima. Linda tarehe ya pasi yako ya matembezi, iongeze kabla haijaisha, na tembea na stakabadhi ya ombi.

Kwa mbele zaidi: sheria yetu inamruhusu mke wa raia kuomba uraia wakati wowote mume akiwa hai. Ila Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo wa Kenya itabidi uuache. Hilo kalizungumze Kwale kwanza, na wazazi, kabla ya kulizungumza Duga.

Kuna kijana pale stendi anasema ana mtu wake ndani. Nitoe laki sita, kibali kitoke Ijumaa. Nimpe?

Usimpe. Ada ya serikali inalipwa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo, haiingii kwenye simu ya mtu wa stendi. Na kibali cha kughushi kikikamatwa, hutakumbuka tena uchungu wa kungoja. Laki sita kanunulie cherehani.

Bi, mume wangu yuko Kanada, ametuombea mimi na watoto, sasa ni mwaka na nusu. Kila mtu ananiambia subira. Nimechoka na hilo neno. Kijana wangu kamaliza la saba, kafaulu. Nimwandikishe sekondari au nisubiri tuondoke? — Mama S., Pongwe

Kuchoka na neno si dhambi. Anayekwambia subira mara nyingi hana la kusema na hataki kunyamaza. Mwache.

Kule Chogo, Handeni, wapo Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 wakapelekwa Somalia. Vita vya mwaka 1991 viliwafukuza, wakarudi huku kama wakimbizi, katika ardhi ya asili yao, wakiwa hawana uraia wake. Hadi mwaka 2014 zaidi ya 1,000 kati yao walikuwa wameshapewa. Katikati ya hapo ni miaka ishirini na ushei. Walilima, wakajenga, wakaoana, watoto wakakua. Huwezi kuweka jembe chini miaka ishirini kwa sababu afisa hajasaini.

Kijana aandikishwe kesho. Mkiondoka, shule itampa barua ya uhamisho. Msipoondoka, hajapoteza mwaka akikaa kibarazani anaulizwa na wenzake ndege ni lini. Sare mpeleke akapimwe kwa fundi, asinunue ya dukani, na fundi aache pindo refu la suruali. Kijana wa umri huo haachi kurefuka.