Baba ataka msikitini, kaka wataka kumtilia kufuli

*Shangazi, twaishi Lamu mjini. Baba ana miaka 76 na akili zilianza kumpotea kabla ya corona. Sasa, mwaka huu wa 2020, misikiti imefunguliwa tena, lakini waliopita miaka 58 hawaruhusiwi, naye kila alfajiri ataka kwenda. Akizuiwa hulia. Akiniona na barakoa huniita mwizi. Wiki hii halali kabisa, azungumza na nduguye aliyekufa, na jirani asema ametupiwa jini. Kaka zangu wataka tumfungie chumbani kwa kufuli. Nimechoka. Nifanyeje?*

Pole sana, mwanangu. Naanza na hayo ya wiki hii maana hayangoji. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni huenda polepole, kwa miezi na miaka. Mzee akigeuka ghafla kwa siku chache, akakosa usingizi na kuona wasiokuwepo, mara nyingi mwili una jambo: maambukizi ya mkojo, nimonia, kukosa maji, choo kilichofunga, au dawa. Corona yenyewe huweza kumwanza mzee kwa kuchanganyikiwa tu, bila homa wala kikohozi. Mpelekeni hospitali ya King Fahd hapo Lamu leo hii, na mbebe dawa zake zote. Kama mmekuwa mkimpa Piriton, ile dawa ya mzio, ili alale, semeni wazi, kwani huwavuruga wazee akili.

Jirani mshukuruni kwa dua. Dua na daktari havigombani. Ila maneno ya jini na uchawi msiyaache yakazoeleka mlangoni kwenu. Hapo Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mzee anayetangatanga usiku akisema peke yake ni rahisi kusingiziwa. Waambieni watu wa mtaani waziwazi: baba ni mgonjwa, mkimwona peke yake tuiteni.

Kufuli, hapana. Moto ukizuka atatokaje? Na mtu asiyejua kwa nini amefungiwa huzidi hofu, akaupiga mlango mpaka akajiumiza. Baba yako si mkaidi. Mambo mengi yamemtoka, lakini adhana angali anaijua, na miguu yake yamfuata muadhini kama ilivyozoea tangu ujana. Basi msimzuie, mfuateni. Atawadhe, avae kanzu na kofia yake. Kafyu hii ya corona ikiisha saa kumi alfajiri, mmoja wenu atoke naye, wazunguke vichochoroni, kisha warudi wasali jamaa hapo dakani, baraza ya mlangoni, penye hewa. Akisali adhuhuri mara ya pili msimsahihishe. Asiye na akili kalamu imeinuliwa kwake, yaani haandikiwi dhambi, mashekhe wenu watakuelezeni.

Barakoa: wewe unayeishi naye huna haja ya kuivaa saa zote nyumbani, maadamu huumwi. Ukiivaa, mwite kwanza ungali mbali, ujitaje jina, asikie sauti kabla hajaona uso nusu. Wageni wamsalimu kutoka nje.

Akitulia, mwombe daktari ampime damu, tezi ya shingo na vitamini B12, amwangalie masikio, na amuulize kuhusu huzuni. Hayo yote huzidisha usahaulifu na yana matibabu. Mzee aliyenyang'anywa sala ya jamaa na baraza kwa miezi ana haki ya kuhuzunika.

Nawe umechoka kwa sababu kazi ya nyumba nzima imekuwa ya binti mmoja. Kaka zako wasomee jibu hili. Mmoja achukue alfajiri, mwingine usiku, nawe upate angalau siku moja ya wiki ulale nyumba nyingine.